Pampu kwa Ajili ya Kahawa ya Baba

Daktari alimwambia baba apunguze kahawa kwa sababu moyo wake unakwenda mbio. Baba akamjibu kwa heshima kwamba hajawahi kunywa kahawa maishani mwake. Hakusema uongo. Kahawa yeye huitafuna. Ni ile tunayoiita akamwani: buni nzima, iliyochemshwa na majani yenye harufu, ikakaushwa, ikawekwa kwenye kikapu kidogo kando ya kiti cha mwenye nyumba. Mgeni akiingia, mwenye nyumba hutafuna punje kwanza mbele yake, ndipo humpa kikapu. Akimpa bila kuanza yeye, ni kama amemwambia kwamba huenda humo mna sumu.

Na kwetu Nyabiyonza wageni hawakauki. Baba alikuwa mzee wa kanisa miaka mingi, na hadi leo watu huja kumsalimia, kumwomba ushauri, au kupumzika tu wakitoka shambani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Kwetu kila mgeni alikuwa anamwongezea mwenyeji ugonjwa. Nilikuwa nikiutazama mshipa wa shingo yake ukipiga hali amekaa tu, na niliogopa.

Mimi nilifundisha kemia hadi nikastaafu. Mume wangu alipofariki nilirudi kwa baba, nikasafisha ghala la zamani la kahawa, nikapanga humo mizani, chupa na jiko dogo. Majirani hutania kwamba napika gongo. Siku ile tuliyotoka kwa daktari niliamua nitaitoa kafeini, ile inayoukimbiza moyo, kutoka kwenye punje anazotafuna baba kwa siku moja, niiweke mkononi mwake aione. Kumwambia tu kungekuwa kazi bure, kwa maana baba huamini macho yake.

Kazi ilikwama mapema. Buni nzima ikichemshwa hutoa maji mazito yenye ute, na ute huo uliziba karatasi ya kuchujia. Nilimimina asubuhi, hadi jioni yalikuwa yamepita maji ya kijiko kimoja, na kesho yake yote yamechacha. Nilihitaji kitu cha kuvuta hewa chini ya karatasi, maji yapate kushuka.

Shuleni tulikuwa na kifaa cha shaba kinachofungwa kwenye bomba. Maji yakipita kwa kasi, huvuta hewa. Kwetu maji ni ya mvua, yamo kwenye tangi, na sikuwa tayari kuimaliza mvua ya mwezi mzima kwa kuchuja kikombe kimoja. Nikaenda Kayanga kwa fundi wa friji. Alikuwa na kompresa iliyotolewa kwenye friji bovu, akaiwasha, akaniwekea kidole changu kwenye tundu lake la kuvutia hewa, kikanaswa.

“Mwalimu, hii haina mpinzani,” alisema. “Ukitaka inavuta hata mawazo.”

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, na mimi nililijua hilo. Lakini nguvu ile ilinipendeza. Nina kiburi kidogo cha watu wa sayansi, na nilitaka kifaa ambacho nikikiwasha watu wanyamaze. Nikainunua.

Fundi alinionya kwamba maji yasiingie kwenye kompresa, niweke chombo cha kuyadaka katikati. Sikuwa na chupa nene. Nilikuwa na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, cha baba, chenye ukuta mgumu, kilichotumika miaka mingi bila kuvuja tone. Kisichovuja pombe kitavujaje hewa? Nilijiuliza hivyo mimi, mwalimu niliyefundisha watoto wa watu uzito wa hewa. Nikaziba mdomo wake kwa nta, nikapitisha mipira miwili ya kupitishia hewa, nikawasha.

Karatasi ilichanika mara moja. Kabla sijafika kwenye swichi, kibuyu kikapasuka kwa kwenda ndani, na maji ya kahawa yakaingia kwenye kompresa. Ikakohoa, ikanyamaza.

Baba alikuja taratibu na fimbo yake, akatazama vipande sakafuni. Kibuyu kile alipewa siku ya harusi yake.

“Kilikukosea nini?” aliuliza.

“Nisamehe, Tata. Nilidhani kitavumilia.”

“Kibuyu kimezoea kujazwa, mwanangu. Kukamuliwa hakijazoea.”

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Nilifagia huku nalia.

Siku zilizofuata nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: karatasi yangu inaweza kuvumilia nguvu kiasi gani? Jibu lilikuwa, kidogo sana. Nikaenda kwa fundi baiskeli hapo njia panda, yule anayewatengenezea wabeba ndizi. Nilimweleza ninachotaka, akacheka, kisha akafungua pampu ya kusimama, akaigeuza ile ngozi ya ndani iangalie upande wa pili, akaifungia valvu ili hewa iliyotoka isirudi. Pampu ikawa inavuta badala ya kupuliza. Safari hii katikati niliweka chupa ya kioo kinene niliyoiomba shuleni kwangu.

Nilivuta kwa mkono, polepole, nikipumzika kila ute ulipogoma. Matone yakaanza kushuka, kisha yakawa uzi. Kazi nzima ilichukua siku tatu, pamoja na kutenganisha na kukausha. Mwishoni nilivuta mara chache tu, na juu ya karatasi ikabaki kafeini: chembe nyeupe kama sindano, laini, chache mno.

Nilimpelekea baba kwenye kisahani. Alizisogeza karibu na dirisha.

“Zote zimetoka kwenye punje zangu?”

“Za siku moja, Tata.”

Akanirudishia kisahani. “Sasa mgeni nitamwambiaje?” aliuliza. Hilo halikuwa la kemia.

Jumapili, baada ya ibada, alikuja rafiki yake mfugaji kutoka Kimuli. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaketi. Baba akakivuta kikapu magotini, akaweka mkono juu yake. Nilisimama mlangoni nikijua kwamba akitafuna nimeshindwa, na asipotafuna amemtukana rafiki wa miaka yote. Tangu niolewe, mimi mwenyewe katika nyumba ile nilikuwa nikipewa kikapu hicho kama mgeni, baada ya baba kuanza.

Akaninyooshea kikapu.

“Moyo wangu umeikataa,” alimwambia rafiki yake. “Siku hizi mwenye nyumba ni huyu.”

Nikachukua punje, nikatafuna. Ilikuwa chungu. Mgeni alinitazama hadi nilipomeza, kisha akanyoosha mkono.