Sinia la Mama la Maua Mekundu

Juzi pale sokoni Mlowo niliona sinia la bati kuukuu, limechorwa maua mekundu kwa mkono. Nikashindwa hata kuuliza bei, mimi ambaye biashara imenizeesha.

Mama alikuwa na la namna hiyo kule Iyula, na hakuna mtoto aliyethubutu kuligusa. Mchana mmoja, nikiwa bado msichana mdogo, alinipaka mafuta, akamimina kwenye sinia hilo karanga za kukaanga, bado zinanukia moto, akasema, "Leo wageni utawapelekea wewe." Nilivimba kichwa.

Nikapiga magoti mbele ya mwanamke mmoja mnene. Akacheka. "Oneni mikono, haitetemeki! Huyu atatufaa."

Nilidhani anasifu nilivyobeba sinia. "Hata kesho nitabeba, mama," nikamjibu. Wakaangua kicheko wote, na mama yangu akacheka nao.

Jikoni shangazi akanivuta sikio. "Mjinga wewe, wamekuja kukuposa! Nawe unawaambia hata kesho?"

Nikamgeukia mama, aliyekuwa ametufuata na sinia tupu. Alikuwa analifuta sinia kwa ncha ya nguo yake, analigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango aone kama nimelikwaruza. Mimi hakunitazama.