Jina Chini ya Picha

Mwaka mmoja wa tisini na kitu, niliondoka kijijini kwetu Sidab asubuhi bila kujua nitalala wapi. Alasiri nilikuwa mtaa wa Ghubra, mjini, katika duka la mabegi ya shule. Mwenye duka, mama wa Kizanzibari, alikuwa akisita kununua kwa mchuuzi mabegi yenye picha za katuni ya Kijapani.

“Feki haya, mama,” nikamwambia. “Chini ya picha hayana jina la kampuni ya matangazo ya Tokyo. Ndiyo inayogharamia katuni hiyo na kuuza haki za picha zake.”

“We umejuaje?”

“Shule niliacha, na leo hata pa kulala sina, lakini majina ya mwisho wa katuni nayasoma yote.”

Akacheka. “Kumbe umesoma! Nna chumba juu. Kaa, unikagulie mizigo.”

Chumba kilinukia mabegi mapya. Harufu ile naitamani hadi leo.