Ukingo wa Kiondo

Jana paa la jikoni lilivuja, kiondo changu cha vitunguu kikalowa. Harufu ya mkonge uliolowa ikanirudisha kwa susu, nyanya yangu, kijijini Mukuyuni.

Babu alikuwa mwanajeshi. Kila akirudi kambini, susu alianza kiondo kipya, akisokota pajani mkonge na nyuzi za kijani alizofumua kwenye sweta kuukuu za babu. Babu akija likizo alikuta kimebaki ukingo tu, na susu alikimalizia mbele yake.

Safari moja babu alikawia sana. Nikamwambia, "Susu, si umalize tu?"

"Nikimaliza," akasema, "nitamngoja nikifanya nini?"

Kiondo hicho ndicho ninachowekea vitunguu; nimekianika uani. Nyuzi za ukingo bado zinaning'inia.