Mashua ya Yakubu Iliyokataa Mto

Miaka ile ya Wabelgiji, ukifika Nyangwe kando ya mto na sufuria iliyotoboka, ulionyeshwa nyumba ya Yakubu hata salamu hazijaisha. Alikata kiraka, akakilaza kwa ndani, akakikaza kwa vijipini vya ribiti vya kugongwa nyundo, akaijaza sufuria maji na kuitundika. Ikikaa siku nzima bila kutoa tone, kazi imekwisha. Angetosheka na hapo, mimi nisingekuwa na la kusimulia. Lakini Yakubu alitaka kuwa mvuvi.

Mvuvi, jamani! Yeye, mtoto wa mjini, aliyemjua samaki kwa kumkuta amelala juu ya wali. Pale Nyangwe mto ni wa Wagenya, ndio wenye mitumbwi na nyavu, na Yakubu aliwaonea wivu kila walipopita na vikapu vyao. Basi mzungu mmoja mpimaji wa mto alipohamishwa, akataka kuitupa mashua yake ndogo ya alumini iliyopasuliwa na mawe, Yakubu akaichukua kwa bata wawili. Mzungu aliondoka anacheka.

"Baba Nuru," mkewe Feza akamwuliza, "ile kitu iko na matundu ngapi?"

"Kidogo tu."

Yalikuwa arobaini na moja.

Viraka vinataka alumini, na alumini iko jikoni. Ilitangulia sufuria kubwa ya Feza. Zikafuata za majirani walizoleta zitengenezwe, moja baada ya nyingine, kila moja ikikatwa kitako na mwenyewe akiambiwa arudi kesho. Na hapa ndipo ninapomkasirikia, hata leo sijapoa. Binti yake Nuru alikuwa anaolewa Ijumaa ya wiki ile ile. Wakwe walikuwa wanakuja na lori kutoka Kasongo, watu themanini, na nani asiyejua kwamba wali wa harusi hupikwa kwa masufuria ya kuazima mtaani? Yakubu alisema watu wasiwe na wasiwasi, wakwe watakula samaki wake mwenyewe. Feza alishika ufagio, akafagia ua aliokwisha kuufagia. Feza akifagia mara ya pili, mwenye akili hutafuta pa kwenda.

Jumanne kazi ikaisha. Aliiweka mashua juu ya magogo matatu uani, akawatuma wasichana mtoni na ndoo, wakaijaza mpaka mdomoni. Siku mbili ilikaa hivyo. Yakubu alilala chali chini yake, akapitisha kiganja kwenye kila kiraka, kavu kabisa. Akaita majirani nao wapitishe viganja vyao. Walipitisha, wakaulizia masufuria.

Alhamisi asubuhi akavaa kanzu safi, akaisukuma mtoni mbele ya Wagenya wote. Ilikwenda kama hatua kumi. Kisha maji yakaanza kupenya pembeni ya kiraka hiki, na kile, na vyote arobaini na moja vikashirikiana. Yakubu alizama akiwa amesimama wima, kasia mkononi, maji yakamfika kifuani. Mgenya mmoja jina lake Fidèle akamvuta kwa ukosi wa kanzu.

"Baba Yakubu, ulipima namna gani?"

"Nilijaza maji."

"Kwa ndani?"

"Sufuria inajazwa wapi?"

Fidèle ilibidi akae chini kwa kicheko. Alipopata pumzi akamweleza polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa, kwamba maji ya ndani yanakikandamiza kiraka kilicholazwa ndani kishike, na maji ya mto yanakisukuma kiachie. Yakubu alielewa mara moja. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku ya harusi alijifungia chumbani. Kupitia dirishani alimwona Feza anaingia nyumba ya kwanza kuazima sufuria, anatoka mikono mitupu, anaingia ya pili. Nyumba saba. Vyungu vilikuwapo, lakini chungu ni cha mboga, hakipiki wali wa watu themanini. Alijua wakwe wakilala njaa, Nuru ataingia kwao akiwa binti wa fundi aliyekula vyombo vya mtaa, na neno hilo litamfuata mpaka azeeke.

Feza akarudi. Akasimama mbele ya mashua, ambayo Wagenya walikuwa wameiopoa na kuirudisha uani, akaizunguka mara moja, akaigonga kwa kidole.

"Baba Nuru, toka humo. Hii ilikaa na maji siku mbili?"

"Siku mbili."

"Ilitoa hata tone?"

"Hata moja."

"Basi shika huko nyuma."

Wakachimba mtaro mrefu, wakaujaza kuni, wakaipandisha mashua juu ya mawe. Ikasuguliwa kwa mchanga na majivu mpaka ikang'aa, ikamiminwa maji, mafuta, vitunguu, nyama ya mbuzi, kisha mchele nusu gunia. Yakubu alilala kifudifudi kando ya moto, macho chini ya mashua, jasho likimtiririka, akivihesabu viraka vyake kimoja kimoja. Feza alikoroga kwa kasia. Hakuna kilichovuja, na wakwe walikula wakaongeza, mpaka mama wa bwana harusi akaomba aonyeshwe chombo kinachotoa wali wa namna ile. Nuru alicheka mpaka wanja ukamtoka. Yakubu alipomwona anacheka, machozi yakamjia, akasingizia moshi.

Baada ya mwezi lori likaja tena kutoka Kasongo. Mjomba wa bwana harusi alikuwa na harusi nyumbani kwake, anaomba kuazima chombo kile. Yakubu alikubali kwa sharti moja tu, mbele ya mashahidi: kwamba huko waendako iitwe mashua. Mjomba akaweka mkono kifuani, akaahidi kwa jina la Mungu. Wakaipakia. Lori halijafika hata njia panda, Yakubu akamsikia mjomba yule akimpigia dereva kelele apunguze mwendo kwenye mashimo, wasije wakaikwaruza sufuria ya watu.