Rekodi Kutoka Bukavu

Damien Mugisho alikuwa mlinzi wa nyumba moja katika mtaa wa kitajiri wa Observatory, ambako kila Jumamosi alasiri wazee watano wapenzi wa muziki wa okestra walikutana, kila mmoja akiwasikilizisha wenzake rekodi inayomkuna siku hizo.

Siku moja mwenye nyumba alimkuta getini akiufuatisha muziki kwa mluzi.

"Kumbe unaujua?"

"Ndiyo, bosi. Nimeupiga miaka tisa kanisani kwetu, Bukavu."

"Basi Jumamosi ijayo na wewe ulete rekodi yako."

Damien alinyoa ndevu, akaingia sebuleni na simu yake. Akawaeleza kwamba wapigaji wa kanisani kwao waliosikika humo walikuwa kumi na wawili, na sita kati yao waliuawa vitani. Fidla ya kwanza ilikuwa ya Mamie, mkewe. Hakusema kwamba Mamie naye yumo katika wale sita.

Akaiwasha rekodi. Haikupita dakika, mzee mmoja akasema, "Hizi fidla hazijapatana sauti." Mwingine akacheka, wakaanza kuulizana nani anataka chai.

Damien aliuzima muziki katikati, akaaga kwa adabu. Jumatatu aliiomba kampuni yake ya ulinzi imhamishe. Siku hizi analinda maegesho ya magari katika mtaa wa Rosettenville. Akiulizwa kwa nini aliacha pazuri vile, hujibu kwamba palikuwa mbali.