Maji ya Mfereji

Harufu ya oili chafu hunirudisha Gongoni hata leo. Nasema ile nyeusi iliyokwisha kutumika, ambayo baba aliipaka kwa kipande cha gunia chini ya kigari chake cha bluu, huku upepo ukituletea chumvi hadi midomoni. Baba alikuwa mvunaji katika mashamba ya chumvi. Nyayo zake zilipasuka kama udongo wa kiangazi, na kidonda kimoja cha kisigino hakikukubali kupona. Kigari kile alikinunua kibovu, akakifufua mwenyewe kila Jumamosi: akasugua plagi kwa msasa, akasafisha kabureta kwa petroli ndani ya kopo la maziwa, akakaza kila kilicholegea. Mkaguzi wa magari akikipitisha, baba angeacha chumvi awe dereva wa teksi Malindi. "Nitavaa viatu kutwa nzima," alimwambia mama. Mama akacheka: "Utavijulia wapi viatu wewe, mwana wa matope?"

Kazi yangu ilikuwa moja. Kwetu chumvi hula chuma kimyakimya, kwa hiyo kabla ya kupaka oili, uvungu wa gari lazima uoshwe kwa maji matamu. Kisima kilikuwa mbali, na pale palikuwa na foleni ya akina mama wenye madumu. Nyuma ya nyumba yetu ulipita mfereji wa kutolea maji yaliyobaki chumvi ikishavunwa, na wenzangu walikuwa wakiningoja kwenye mpira. Nikachota mferejini. Nilipoona hakuna aliyejua, Jumamosi iliyofuata nikachota tena, ikawa ndiyo desturi yangu. Baba alirudi kutoka kazini, akagusa chuma kilicholowa, akanipapasa kichwa. "Ahsante, mwanangu." Kisha akaingia uvunguni na gunia lake, akaifunika chumvi yangu kwa oili, tabaka juu ya tabaka, isipate pa kutokea.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku ya ukaguzi baba alivaa viatu. Mkaguzi alisikiliza injini, akaridhika. Akajaribu breki, akaridhika. Halafu akainama na bisibisi, akaidunga sakafu ya gari. Ikapenya kama kwenye papai bivu. Akadunga kwingine, ikapenya.

"Mzee, gari hili ulikuwa ukilivulia samaki?" Madereva waliokuwa wakingoja zamu wakaangua kicheko.

"Huoshwa kwa maji ya kisima kila wiki," baba akasema. "Huyu mwanangu ndiye anayeliosha. Muulize."

Nilitazama chini. Baba akapiga magoti, akachota unga wa kutu kwa kidole, akautia ulimini. Maji ya mfereji ule yana uchungu ambao hata maji ya bahari hayana, na kila mvuna chumvi anaujua. Alinitazama, kisha akamgeukia mkaguzi.

"Ni mimi, bwana. Nilikuwa nikilipaka oili kabla halijakauka."

"Basi hapa hata fundi hana pa kuchomelea," mkaguzi akasema, sasa kwa upole.

Hakunipiga. Hakuniuliza. Jumatatu alirudi kwenye chumvi pekupeku, na kuku wakaanza kutaga kwenye kiti cha dereva. Alivuna miaka mingi, hadi kidonda kile kilipomlaza, na hatimaye tukamzika. Nilikuwa na Jumamosi nyingi za kumwambia, na kila moja niliiacha ipite. Majuto ni mjukuu. Wangu amekuja na hataki kuondoka.

Sasa mimi ni mzee, naishi Malindi, nina kigari kikuukuu ambacho mafundi wananishauri nikiuze. Nakiosha uvungu kwa maji ya bomba, na kila ndoo naionja kwanza. Jirani hunitania kwamba nataka kukinywesha chai. Bomba liko mlangoni, na kwa muda mrefu nilijifariji kwamba watoto wa leo wamepata urahisi tuliounyimwa sisi. Mwaka jana nilikwenda Gongoni. Nilisimama palipokuwa na nyumba yetu, nikatembea hadi kisimani kwa miguu hii ya uzee na ndoo tupu mkononi. Nilifika bila kupumzika njiani.