Gari la Makoye na Samli ya Manju

Ungepita Segese mwaka wa hamsini na nne, pamba ikiwa imeshauzwa na watu wanatafuta la kufanya, ungemkuta Makoye kibarazani kwake akiligombeza gari. Gari lenyewe lilikuwa la mninga, urefu wa mkono mzima, mwigo wa lile la Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya: milango, usukani, mpaka kile kifuniko cha petroli. Alikuwa amelipaka rangi nyeusi ya mafuta mara nne, kila mara akilisugua kwa majani ya msasa, hata mkewe Limi akawa anajitazamia humo anapofunga kilemba. Kilichobaki ni vile vya kung'aa tu: bampa, fito za madirishani na meno ya mbele. Basi hapo ndipo shetani alipojenga.

Makoye alikuwa Mgika, na kila baada ya mavuno Wagika hushindana na Wagalu kwa ngoma. Sheria ya mashindano ni fupi. Vikundi viwili vinacheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, na mwenye watazamaji wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kikundi hutafuta kioja cha kuwavuta watu. Mwaka uliotangulia kioja cha Makoye kilikuwa ndege ya mbao, ambayo ilidondosha bawa katikati ya uwanja. Watu wakacheka mpaka wakachoka, kisha wakahamia kwa Wagalu.

Ngassa, manju wao, mtunzi wa nyimbo na mkuu wa kikundi, hakucheka. Alisema, "Nakupa mwaka mmoja. Gari lisipotuletea watu, ufundi basi. Unarudi kubeba ngoma."

Kubeba ngoma ni kutwishwa kichwani, juu ya ngata, lile gogo la ngoma kubwa kutoka Segese mpaka Ushetu, nyuma ya wote, ukila vumbi la wanaoimba. Makoye alikuwa amelibeba miaka mitatu kabla ya kuitwa fundi. Shingo yake haikuwa imesahau.

Karatasi za fedha za pakiti za sigara, za kutengenezea vile vya kung'aa, aliletewa na shemeji yake Theonest, karani mgodini Geita, ambako kwa maelezo yake wazungu walivuta sigara kana kwamba ndiyo kazi waliyoajiriwa. Makoye aliziloweka, akabandua ile karatasi nyeupe ya nyuma, akaubakiza utando wa fedha mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Ukikohoa, umepotea. Akaukata kwa wembe vipande vyembamba, akapaka gundi ya mgunga, akalaza kipande dirishani na kukisugua kwa ncha ya pembe ya mbuzi mpaka kikakaa kama kimezaliwa pale.

Asubuhi yake kilikuwa kimejikunja kama kiwavi.

Akaichemsha gundi upya, ikawa nzito. Vikajikunja. Akaisingizia rangi, akaliacha gari likauke siku kumi, akabandika tena. Vikajikunja, na safari hii bampa lilikuwa limeanguka zima, linamtazama kutoka chini.

"Ni hizi karatasi za kaka yako," alimwambia Limi. "Ukoo wenu hauna kitu kinachoshika."

"Mimi nimekushika miaka tisa," Limi akajibu, "na hata gundi sikupewa."

Makoye akalinusa gari. Akapitisha kidole juu ya paa, kidole kikateleza. Akakiramba. Samli! Samli yenye uchungu fulani nyuma yake, kama mizizi.

Kesho yake alfajiri alijibanza nyuma ya mlango. Akaja Ngassa, mzee mzima, ananyata, pembe ya dawa mkononi. Akachuchumaa mbele ya gari na kuanza kulipaka taratibu, kama mama ampakaye mtoto mafuta, huku akinong'ona.

"Shikamoo, mzee Ngassa!"

Ngassa akaruka kidogo tu. "Marahaba, ng'wanawane. Umeamka mapema."

"Unanipakia nini gari?"

"Dawa ya mvuto. Macho ya watu yanase hapa yasibanduke."

"Macho hayabanduki, karatasi zinabanduka! Mwezi mzima nabandika, wewe unapaka mafuta!"

"Mwezi na siku nne," Ngassa akasahihisha. "Sikukosa hata siku moja. Na wewe badala ya kushukuru unapiga kelele. Ndege mwaka jana tuliipaka? Hatukuipaka. Ikawaje?"

"Ilivunjika kwa sababu ulinihimiza kabla gundi haijakauka!"

"Haikupakwa," alisema Ngassa, kwa upole wa mtu anayemfundisha mjinga kuhesabu.

Walibishana mpaka ng'ombe wakatoka zizini. Mwishoni Ngassa aliapa kwamba hatalipaka tena gari pale nyumbani. Makoye akaliosha kwa majivu na sabuni mara tatu, akabandika upya, akalificha ndani ya kihenge. Siku ya nne alilitoa, na kila kipande kilikuwa mahali pake. Bampa lilimchoma macho. Makoye akakaa chini, akacheka peke yake, kisha akafuta machozi haraka kabla Limi hajaona.

Siku ya mashindano uwanja wa Segese ulijaa. Wagalu walikuja na fisi hai mwenye kamba shingoni, na watu wote, pamoja na baadhi ya wake za Wagika, walikuwa huko. Makoye akalifunga gari kamba, tayari kulivuta kuzunguka uwanja. Akainama kukaza fundo. Alipoinuka, Ngassa alikuwa ameshalimwagia pembe nzima.

"Uliapa!"

"Niliapa nyumbani kwako. Hapa ni kwako? Vuta!"

Ngoma zikalia. Makoye akavuta, meno yameumana. Jua lilikuwa utosini, samli ikayeyuka, na gari likaanza kunyonyoka: kwanza fito za madirishani, kisha meno, kisha bampa. Upepo ukavizoa vipande, vikapaa uwanjani vikimeta.

"Fedha!" mama mmoja akapaza sauti. "Wagika wanamwaga fedha!"

Fisi alibaki na mwenyewe. Watu walivuka uwanja kwa kishindo, wanawake wakigombania vya kuchomeka nyweleni, wazee wakijibandika mashavuni, na hata manju wa Wagalu alionekana amekamata kipande cha bampa. Waamuzi hawakuhesabu, upande wa pili hapakuwa na wa kuhesabiwa.

Ngassa alibebwa juu juu, pembe tupu mkononi. Aliposhushwa alimkumbatia Makoye.

"Umeona mvuto? Wewe ndiye fundi wetu, mpaka kufa kwako! Mwakani nataka garimoshi. Mabehewa sita, yote ya fedha, na yote yabanduke. Dawa nitaanza kupaka wewe ungali unachonga."

Makoye alilitazama gari lake, jeusi, limelowa samli, lina vumbi kama panya aliyetoka jikoni. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye ngoma kubwa, akainama na kulipima lile gogo kwa mikono miwili.

"Fundi, unatafuta nini huko?" Ngassa akaita.

"Ngata," alisema Makoye. "Nani ana ngata? Nijitwishe."